Saa ya Lami Mbichi

Siku ya wazazi kutembelea Shule ya Kwemzinga, Yoeli Shemhilu alimlilia marehemu mama yake kwa kwikwi, huku mama mwenyewe akiwa ameketi mbele yake kwenye benchi, akimmenyea chungwa.

"Kula, baba," mama alisema. "La Muheza hili. Halina uchachu."

Yoeli alilipokea chungwa kwa mikono miwili, akalitazama kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha urithi, kisha akaangua kilio upya. Alikuwa kijana wa kidato cha tano, mrefu, mwenye ndevu chache alizozitunza kuliko vitabu, na kilio chake hakikuwa cha kitoto. Kilitoka tumboni, kilio cha mtu aliyerudi makaburini sasa hivi na udongo ungali viatuni. Familia nyingine zilizotandika mikeka uwanjani ziliacha kutafuna pilau. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Nani kafa?" akafinywa.

"Mimi si huyu hapa?" mama alimwambia mwanawe, akimshika mashavu. "Yoeli. Niguse. Mimi si nipo?"

"Upo, mama. Najua upo."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui kuacha."

Nyuma ya ukuta wa tangi la maji, Kanuti Mhagama aliyaona yote hayo. Kanuti alikuwa rafiki mkubwa wa Yoeli, jirani yake wa kitanda, na muuaji wa mama yake. Alimuua kwa mdomo, katikati ya somo la fizikia, bila hata kuinuka kwenye kiti. Na sasa shule nzima, pamoja na wataalamu wake na matangi yake, haikuwa na mtu aliyejua namna ya kumfufua.

*

Hapa yafaa tusimame wima, mikono nyuma, tuseme machache kuhusu sifongo.

Sifongo ni mnyama, ingawa yeye mwenyewe hajaambiwa. Hana ubongo, hana macho, na mdomo wake ni matundu matupu. Hukaa chini kabisa baharini, kwenye giza na baridi, akichuja maji tangu anazaliwa hadi anakufa, na kwa kuwa hawezi kukimbia wala kupiga ngumi, Mwenyezi Mungu alimjalia sumu. Sifongo wa Kwemzinga walitoka kilindi chenye baridi kiasi kwamba pwani hawakuishi. Ndipo wakubwa wakaamua kuwapandisha milimani Usambara, kwenye ukungu na mvua ya kila siku, wakajengewa matangi ya kioo, wakapelekewa maji ya chumvi kwa malori. Samaki wangekuwa na akili wangecheka mpaka wazame.

Sumu yenyewe, kwa muda mrefu, watu wa maabara waliitumia kwa kazi moja tu: kumfunga mikono kimeng'enya fulani. Mwilini viko vimeng'enya vinavyobandika vibandiko vidogo vya fosfati juu ya protini, na viko vingine vinavyopita nyuma yao vikibandua. Ubongo ukijifunza jambo, hubandika. Kisha mfagiaji anakuja na kubandua, na ndiyo maana hakuna binadamu anayekumbuka mboga aliyokula Jumanne ya mwezi uliopita. Sumu ya sifongo humkamata mfagiaji. Ikizidi kidogo, humkamata na mwenye ubongo, naye hufa amekakamaa kama ubao. Ikipimwa vizuri, ikapunguzwa makali, tone moja chini ya ulimi, basi kwa muda wa saa moja hakuna kinachofagiwa kichwani. Kinachobandikwa katika saa hiyo hakibanduki mpaka kaburini.

Wanafunzi waliiita saa ya lami mbichi. Kila atakayekanyaga ataacha unyayo.

Nchi ilipenda sana lami hiyo. Ofisi kubwa zilitangaza nafasi za kazi kwa "wenye tone" peke yao, na wazazi walifunga na kusali ili watoto wao wachaguliwe kwenda milimani. Waliochaguliwa walijua mengi, na hawakusahau chochote, hata walichotaka kukisahau. Kulikuwa na mtoto wa kidato cha pili aliyeumwa na siafu mguuni wakati akisomewa hesabu. Hadi leo hakokotoi eneo la duara bila kujikuna.

*

Utaratibu wa Kwemzinga ulikuwa hivi. Wanafunzi waligawanywa wawili wawili, msomaji na mnywaji. Mnywaji aliweka tone chini ya ulimi, akafumba macho na kunyamaza. Msomaji, ambaye siku hiyo hakunywa, alimsomea somo kwa sauti, kwa sababu ilikwisha kugundulika kwamba sauti hunata kuliko maandishi. Kesho yake walibadilishana. Msomaji hakuruhusiwa kutamka neno ambalo halimo kitabuni. Viranja walipita kati ya madawati wamevaa ndara za manyoya ili hata hatua zao zisimwingie mtu kichwani.

Kanuti alikuwa msomaji wa Yoeli, na Yoeli wa Kanuti.

Ni lazima pia kusema kwamba Kanuti alikuwa na kipaji. Alilelewa Songea na bibi yake, na bibi huyo hakusikiliza kitu redioni isipokuwa matangazo ya vifo. Mjukuu akayashika yote, sauti, pumzi, na ule mtuo mzito kabla ya jina la marehemu. Shuleni alikuwa mtangazaji rasmi wa misiba. "Familia ya Bwana Mahindi na Bibi Maharage," alitangaza bwaloni wiki ya kwanza tu, akiwa amesimama juu ya benchi, "inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao Makande, kilichotokea jikoni baada ya kuugua kwa muda mrefu sufuriani. Habari ziwafikie walaji wote popote walipo." Alitangaza kifo cha sweta la kiranja mkuu. Alitangaza kifo cha mapenzi ya mwalimu wa kemia, akafagilishwa uwanja mzima kwa ajili hiyo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Yoeli.

Basi mchana mmoja wa mvua, Yoeli akiwa na tone chini ya ulimi, Kanuti alikuwa akimsomea sheria za mwendo. Zilikuwa ndefu, mvua ilikuwa ndefu zaidi. Shetani wa Kanuti hakuwa mkubwa, ila alikuwa na bidii. Akaishusha sauti.

"Familia ya Shemhilu wa Tanga," alisema taratibu, "inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Eliwaza, kilichotokea leo asubuhi bandarini, baada ya winchi aliyokuwa akiiendesha kuanguka. Habari zimfikie mwanawe Yoeli, popote alipo."

Kichekesho kilikuwa bado. Kilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: *marehemu amesema atakuja Jumamosi mwenyewe kuthibitisha.* Lakini hapo hapo kichwa cha kiranja kikachomoza juu ya dawati, kimya kama paka, na Kanuti akakimeza kichekesho chake kama mtu anayemeza kokwa.

"Kila tendo," alisoma haraka, kwa sauti ileile ya msiba kwa kuwa hakupata nafasi ya kuibadilisha, "lina tendo mjibizo lililo sawa nalo."

Kiranja hakuondoka. Alisimama pale mpaka kengele. Na muda wote huo Yoeli alikaa wima, kimya kama kanuni inavyotaka, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. Kanuti alimtazama kwa jicho la pembeni akasema moyoni: huyu naye anajua kuigiza.

Kengele ilipolia alimrukia. "Utani, bwana! Mama yuko mzima, nani kakwambia winchi zinaanguka siku hizi?"

"Najua," Yoeli alisema. "Nimejua ni utani."

Akajifuta macho. Yakajaa tena. Akayafuta tena, akacheka kidogo kwa aibu, kama mtu mwenye kwikwi mbele ya wageni.

"Kanuti," alisema, "mbona hayaachi?"

*

Jioni ile ya siku ya wazazi, wageni wengine walipokwisha kuondoka, Daktari Salha aliwaita watu wawili chumbani kwake, kando ya matangi. Daktari ndiye aliyekuwa mlezi wa sifongo na mpimaji wa matone, mwanamke mwembamba wa Pemba ambaye baridi ya mlimani ilimfanya avae makoti mawili. Mkuu wa shule naye alitakiwa kuwepo, lakini alikuwa amepatwa na safari ya ghafla.

Mama Yoeli alikuwa amekwisha kukaa. Hakubadili nguo tangu bandarini. Alivaa lile koti la kazi lenye mistari ya kung'aa gizani.

"Huyu ndiye?" aliuliza.

"Ndiye," alisema daktari.

"Shikamoo, mama," alisema Kanuti.

Mama hakuitikia papo hapo. Kila siku ya wazazi mwanamke huyu alikuwa akimmenyea mwanawe chungwa la kwanza, na la pili akamrushia Kanuti, ambaye hakuwa na mgeni. Mama yake Kanuti alikuwa hai, mahali fulani. Hakuwahi kuuona mlima wa Kwemzinga wala kuuulizia.

"Marahaba," alisema hatimaye, kwa sababu salamu ni salamu. "Leo nimekula chungwa lako."

Daktari alivuta kiti. "Mama Yoeli, nitakwambia kama ilivyo. Kumbukumbu iliyoganda haifi, lakini hulainika. Mtu akirudishiwa jambo kwa ukamilifu, sauti ileile, maneno yaleyale, lami inakuwa mbichi tena kwa kitambo kidogo. Hapo ndipo mlango ulipo. Na sauti yenyewe ni ya kijana huyu. Ufunguo ni yeye."

"Mkiufungua huo mlango mnafanya nini?"

"Tunamwachia mfagiaji. Kimeng'enya chenyewe tunacho. Tunakiingiza kwa wingi, kinabandua."

"Basi bandueni. Mnangoja nini?"

Daktari alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Hakichagui, mama. Tangazo lile halikukaa peke yake. Limejishikiza kwenye kila anachokijua juu yako. Sura yako, sauti yako, unavyomwita, unavyomgombeza. Vyote vitaamka pamoja na vyote vitafagiwa pamoja. Ataondoka hapa mzima, anacheka, anakula. Hatakujua."

Pampu za matangi zilinguruma nyuma ya ukuta. Mama Yoeli alitazama viganja vyake.

"Alizaliwa njiti," alisema. "Nilimlaza hapa kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka nikasahau kulala chali. Sasa niende nikamwambie, habari za leo, mimi ndiye niliyekuzaa?" Akainua macho. "Na mkimwacha hivi hivi?"

"Haitachuja. Akiwa mzee atalia kama alivyolia leo. Hata siku utakayokufa kweli hatalia zaidi, wala hatalia pungufu."

Kanuti alikuwa akitazama sakafu. Alikuwa na swali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya shule aliogopa kunyoosha mkono.

"Daktari. Lami ikishalainika, ni lazima ikwanguliwe? Haiwezi kumwagiwa nyingine juu?"

"Tone la pili, unasema."

"Palepale inapokuwa mbichi. Nimwambie ukweli. Kwamba nilitania."

"Lilijaribiwa hilo, kwa wengine, kabla yenu. Utani ni mwepesi, Kanuti. Hata furaha ni nyepesi. Huelea juu kama povu, na msiba unabaki chini yake ukingoja. Mama huyu ameketi mbele yake na damu yake na nyama yake, na bado hakutosha. Kinachofunika msiba sharti kiwe na uzito wa msiba."

"Kama nini?"

Daktari Salha alivaa miwani yake na kuanza kupanga vichupa ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Kutokana na kule kupanga, Kanuti alielewa.

"Chuki," alisema.

"Mimi sikusema."

"Akiamini nilifanya makusudi. Uchungu wote uliomwendea mama unije mimi."

"Itabidi aamini kweli," daktari alisema polepole. "Ukiomba radhi, hata kwa macho, haishiki. Na ikishika, imeshika. Hutamfuata kesho ukasema ulikuwa unaigiza. Kila atakapokuona itakuwa mpya, kama mkate wa asubuhi. Wewe utaoa, utazeeka, yeye atakuchukia kwa nguvu ileile." Akamgeukia mama. "Na mimi sijui ni haki gani niliyo nayo ya kumtibu mtu uongo kwa uongo mwingine. Mwenyewe hatujamwuliza."

"Tukimwuliza haitafanya kazi," alisema Kanuti.

"Ndicho kinachonikera."

Mama Yoeli alizungumza kama mtu anayejisemea.

"Nimemlea asilale na kinyongo. Tangu mdogo, ukigombana na mtu, unakwenda kuyamaliza kabla ya kulala, hata kama ni usiku, hata kama ni mvua. Leo nimpe kinyongo cha maisha kwa mkono wangu?" Akavuta pumzi. "Lakini akiwa na chuki, ni mwanangu mwenye chuki. Nitamkemea. Akiwa hanijui, nitamkemea kama nani?"

Akasimama, akafunga zipu ya koti lake hadi shingoni. Mbele ya Kanuti alisita.

"Mimi nami nakuchukia, ujue."

"Ndiyo, mama."

"Ila mimi sijanywa tone lenu. Yangu itaisha."

*

Kesho yake Yoeli alikuwa na zamu ya kusafisha vioo vya matangi. Kanuti alimkuta juu ya ngazi, anasugua kwa gazeti na kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti mbaya. Ndani ya maji, sifongo walikaa kama mikate iliyoungua.

"Leo hulii," alisema Kanuti.

"Nikiwa na wewe huwa silii. Hujaligundua hilo?" Yoeli alishuka ngazi mbili, akakaa. "Nikimwona mama, nalia. Nikiona chungwa, nalia. Jana nimelia kwa sababu ya mistari ya kung'aa kwenye koti la mlinzi. Wewe nikikutazama, nakumbuka ni utani. Wewe ndiye dawa, bwana mdogo, ingawa una sura ya ugonjwa."

"Mimi ndiye niliyekufanya hivyo."

"Ndiyo. Mjinga wewe." Alimrushia gazeti lenye maji. "Hukudhamiria. Mama alinifundisha kuyamaliza kabla ya kulala. Nimeyamaliza siku ileile, ulikuwa unakoroma."

Kanuti aliliokota gazeti. Alilikunja vizuri sana, pembe kwa pembe, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

"Ungeambiwa uchague," alisema, "mimi au mama yako, ungemchukua nani?"

"Swali gani hilo? Mama. Wewe ninakufanyia nini? Hujui hata kupika uji." Yoeli alicheka, kisha akamtazama vizuri. "Kwa nini unauliza?"

"Nimeuliza tu."

"Kanuti. Kuna nini kesho? Daktari kasema utanisomea kitu."

"Tiba," alisema Kanuti. "Itakuuma kidogo."

"Ikiuma utakuwepo?"

"Nitakuwepo," alisema Kanuti, na hilo lilikuwa kweli.

*

Chumba kilikuwa na viti viwili na dirisha moja la kioo, ambalo daktari alikaa nyuma yake. Nje ya mlango, kwenye benchi la ukutani, Mama Yoeli alingoja na koti lake. Ilikuwa mchana, ukungu umeegemea madirisha, na taa zote zilikuwa zimewashwa.

Daktari alimwekea Yoeli tone chini ya ulimi. Alikuwa amelipima mara nyingi, kwa kuwa tone la pili juu ya kumbukumbu ileile halina ukarimu kama la kwanza. Akatoka, akafunga mlango.

"Fumba macho," alisema Kanuti.

Yoeli alifumba. Kanuti alishusha sauti, akaitafuta ile pumzi, ule mtuo. Vilikuja vyenyewe, vimekaa tayari kooni kama mbwa aliyeitwa.

"Familia ya Shemhilu wa Tanga inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Eliwaza..."

Uso wa Yoeli ulivunjika. Kanuti aliuona ukivunjika kutoka mdomoni kwenda juu, safari hii akiutazama wote, bila kujidanganya kwamba ni maigizo. Alisema mpaka mwisho. Winchi. Popote alipo. Yoeli alijikunja juu ya magoti yake akatoa sauti ambayo haikuwa na neno ndani. Nyuma ya kioo daktari aliinua kidole: mlango umefunguka.

Kanuti akacheka.

Alikuwa amekifanyia mazoezi kicheko hicho msalani asubuhi nzima, na kilitoka vizuri, kirefu, chenye mate. Yoeli alifumbua macho.

"Tazama unavyolia," alisema Kanuti. "Fundi wa kazi mimi. Hata mara ya pili unalia! Ulidhani ni utani? Nilisubiri uwe na tone. Nilisubiri lami iwe mbichi kabisa ndipo nikasema. Nilijua tangazo halitatoka."

"Kanuti," alisema Yoeli kwa sauti ndogo. "Acha."

Kulikuwa na sentensi iliyofuata, aliyoiandaa: kwamba alimwonea wivu wa alama za fizikia. Ilikuwa sentensi nzuri. Alifungua mdomo aiseme, ikatoka nyingine.

"Kila siku ya wazazi unamenyewa machungwa," alisema. "Unamenyewa, unafutwa mikono, unaambiwa baba, kula. Mimi narushiwa la pili kama mbwa wa jirani. Nilitaka nikuone japo siku moja ukiwa kama mimi. Huna mtu. Unajisikiaje?"

Alisikia maneno hayo yakitoka na hakujua yametoka wapi. Alijaribu kuyatafutia mahali pa uongo yakakosa. Hakuwa tena na haja ya kuigiza macho.

Yoeli alisimama. Machozi yalikuwa bado mashavuni, lakini nyuma yake kitu kilikuwa kikigeuka taratibu, kama meli inavyogeuka bandarini, mpaka chote kikawa kimemwelekea Kanuti.

"Makusudi," alisema.

"Makusudi."

Ngumi ilimpata mdomoni. Ya pili ilimpata alipokuwa amekwisha kuanguka. Kanuti hakujikinga, kisha akakumbuka kwamba mtu mbaya hujikinga, akainua mikono. Alipoishusha mlango ulikuwa wazi, na kutoka nje ya ukuta alisikia sauti ya Yoeli, kavu, ya hasira, haina kilio hata chembe.

"Mama! Mama, simama, tuondoke hapa. Uko mzima? Huyu mshenzi alisema umekufa!"

"Niko mzima, baba," mama alijibu. Halafu aliyelia safari hii alikuwa yeye.

Daktari Salha alipiga magoti, akamwekea Kanuti pamba mdomoni. "Imeshika," alisema. Alimtazama kwa muda. "Lile la machungwa, ulilitunga wewe mwenyewe?"

Kanuti alikuwa na pamba mdomoni, na alishukuru kwamba hawezi kujibu.

*

Yoeli aliombewa uhamisho wa shule. Wiki ya mwisho aliishi bweni jingine, akala meza nyingine, na kila walipokutana njiani ilikuwa kama wamekutana palepale chumbani, damu ingali mbichi. Hakupunguza hata siku moja. Kwa watu wengine alikuwa mchangamfu kama zamani. Chungwa alilila bila kulitazama.

Kanuti aliligundua jambo la ajabu juu yake mwenyewe. Kwa kuwa yeye siku ile hakunywa tone, mfagiaji alikuwa kazini kichwani mwake kama kawaida. Siku za mwanzo hakulala. Kisha alilala kidogo. Kisha asubuhi moja alimaliza uji mzima kabla ya kukumbuka, na alipokumbuka aliogopa, kwa sababu aliona wazi kwamba siku itafika ambapo jambo hili litakuwa zito upande mmoja tu.

Asubuhi ya kuondoka, pikapu ya bandari ilisimama getini, sanduku la Yoeli limefungwa nyuma kwa kamba. Wanafunzi walijazana kuaga. Kanuti alisimama peke yake karibu na nguzo, mahali ambapo gari halikuwa na njia ya kumkwepa.

Yoeli alimwona. Taya lake lilikaza.

Nyuma ya kichwa cha mwanawe, kwenye usukani, Mama Yoeli naye alimwona. Aliinua mkono kidogo, vidole tu, kumpungia. Yoeli alihisi kitu, akageuka, akauona mkono huo hewani. Aliushika kifundoni, akaushusha polepole mpaka kwenye gia, akaukalisha pale.

Mama aliuacha ushushwe. Alitazama barabara, akaingiza gia.

Yoeli aligeuza tena uso dirishani. Kanuti, mdomo wake ungali umevimba, alitoa lile tabasamu lake baya kuliko yote, akalishikilia mpaka pikapu ilipopiga kona na ukungu kuifunika.